Mvua Niliyoisema Vibaya

Kihesa, Jumanne

Eti kwa Kiingereza mvua haiwi "big", inakuwa "heavy". Ndivyo alivyonikatiza mwanamke mmoja kati ya walionihoji kwenye usaili wa kazi leo, nikiwa katikati ya kueleza kwa nini niliacha chuo. Wenzake wakacheka. Nikarudia "heavy rain" kama mtoto wa chekechea.

Shuleni tulikaririshwa neno moja moja. Lipi linakaa na lipi, hakuna aliyetuambia.

Na mvua hiyo ndiyo iliyosomba shamba la nyanya la mama kule Ilula, nikarudi kumsaidia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilifanya nini.

Sidhani kama wataniita tena.

Jioni mama kapiga simu. "Wamesemaje, mwanangu?"

Nikamjibu wamesema ile mvua ilikuwa nzito.

"Kwani wao waliiona wapi?"