Paka Amepata Jina kwa Daktari wa Mifugo

Baba Syombua, najua umefika kutoka Liboi na njaa. Muthokoi uko kwenye sufuria, pasha tu. Funga mlango. Paka yuko chini ya kitanda, usimvute.

Asubuhi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, sikio limejaa usaha. Hakuwa amewahi kutoka nyumba hii. Alitetemeka ndani ya kiondo njia nzima. Tulipanga foleni na mbuzi na ngamia. Mzee Warsame, mwenye ngamia, akauliza paka anaitwa nani. Nikasema tunamwita paka tu.

"Wallahi, mwalimu, ngamia wangu wote wana majina. Huyu mmoja akipotea utamwitaje?"

Daktari naye ameshika kalamu, anangoja. Nikasema Elkanah. Jina lako, ambalo hata mimi sikuiti. Lilinitoka tu.

Dawa ya sikio ni matone mawili, saa kumi.

~~Kama kazi ni nyingi, rudi tu kesho.~~ Hapana. Kaa. Miezi miwili sasa naongea na huyo wa chini ya kitanda.

Nikitoka shuleni nitaita Elkanah pale mlangoni. Tafadhali, mmoja wenu aitike.

Mama Syombua