Magurudumu Manne ya Husseini

Mkunumbi, 4 Rajabu 1337 (1919)

Kwa baba yangu Bwana Khatib, Langoni, Amu. Salamu nyingi. Mimi ni buheri wa afya, naomba habari za mama. Motokaa ya mizigo ya Bwana wa shamba imefika, na fundi wake ni mimi. Unasukuma mkono mmoja tu wa chuma, inavuta kwa magurudumu yote manne, hata topeni. Nyundo na mivukuto yako ya uhunzi, baba, sasa hata kuitazama sitaki.
Mwanao, Husseini

Amu, 12 Rajabu

Mwanangu, sisi wazima, mamako anakuombea. Punda wangu naye huvuta kwa miguu minne, na hajaniandikia barua ya majivuno.
Babako, Khatib

Mkunumbi, 2 Shaabani

Baba, nakushika miguu. Mama hajambo? Mimi si mzima wa moyo. Mkono husukuma ufito, nao ufito husukuma uma wa chuma unaoingia katika sanduku la meno kuyasogeza. Nasukuma mkono hadi mwisho, magurudumu ya nyuma yanachimba tope, ya mbele hayazunguki kabisa. Pamba inalowa njiani. Bwana amesema pamba isipotoka mwezi huu, nifunge mizigo yangu. Motokaa hujaiona, najua, lakini sina mwingine wa kumuuliza.
Mwanao, Husseini

Amu, 5 Shaabani

Mwanangu, sisi hatujambo. Motokaa sijaiona, ila chuma nakijua, na wewe nakujua. Inua mbele juu ya magogo. Mtu asukume mkono, wewe ulale chini utazame. Ufito ukienda na ule uma unaosogeza meno usiende, kosa limo sandukuni. Fungua. Umetia mafuta gani?
Babako, Khatib

Mkunumbi, 7 Shaabani

Salamu, baba. Ni kweli, ufito unakwenda, uma umeganda. Mafuta ya mashine yalikwisha, nikatia sifa.
Mwanao, Husseini

Amu, 8 Shaabani

Sifa! Mafuta ya papa ya kupaka mashua! Ulitaka motokaa ielee? Ikikauka inashika kama gundi, na hilo kila mtoto wa Amu analijua. Osha kila jino kwa mafuta ya taa. Uma usiupige nyundo, utavunjika.
Babako, Khatib

Amu, 16 Shaabani

Kwa fundi Husseini, Mkunumbi. Salamu. Bwana wako amekuja mwenyewe kiwandani kwangu na uma vipande viwili, una alama za nyundo. Hakujua mimi ni nani. Alisema fundi wake ni yatima aliyefunzwa na Mzungu Mombasa, wala hana mtu Amu. Mamako alikuwa mlangoni, akasikia yote. Tangu hapo hajala.

Nimefua uma mwingine kwa kipimo cha uliovunjika. Utaingia bila kupigwa, na kazi yako imesalimika. Bwana aliniuliza kama nina mtoto wa kurithi ufundi huu. Nikamwambia, "Sina, Bwana," usije ukaonekana mwongo.

Ukikwama tena, mwandikie huyo Mzungu wa Mombasa.
Khatib, mhunzi