Sizimi Maonyo

Jumanne, Julai 2001

Nimemwambia sizimi. Nimesema mbele ya wateja, na sijutii.

Shemeji, mume wa dada yangu, anadai maonyo ya kompyuta yanafukuza watu kwenye intaneti kafe yake ninakofanya kazi. Kweli, kisanduku cha onyo kikijitokeza kwenye skrini na Kiingereza chake, mama zetu huinua mikono: "Dada, nimeharibu?" Wengine hubonyeza ndiyo kwa adabu tu, kama wanaoitikia hodi.

Leo Mama Ndeshi, muuza vitenge wa Tengeru, alikuwa anajaza namba yake ya benki kwenye tovuti ya mtu wa Dubai asiyemjua. Kisanduku kikajitokeza. Akaniuliza kinasemaje.

"Kinasema wengine wanaweza kuona unachotuma."

"Hata hawa waliokaa hapa?"

"Hata walio mbali, mama."

Akafuta yote, akaaga.

"Umenifukuzia mteja," Shemeji akasema. "Zima maonyo, mashine zote."

"Sizimi, Shemeji."

Sasa dada hasemi nami. Ninalala kwenye nyumba ya mumewe, na ninaogopa. Kesho Shemeji anaweza kunifukuza kazini na hapa pia.

Lakini hajui maonyo yanazimwa wapi. Itabidi aniulize mimi, na sitamwonyesha.