Wali wa Ndege Isiyoruka

Darsait, Muscat
12 Februari 1998

Mpendwa Da Mahbuba,

Assalaam alaykum. Hujambo, dada yangu? Miguu imepungua kuuma? Mimi na wanangu wazima, alhamdulillahi. Mama naye mwili mzima, lakini nna la kukueleza juu yake.

Wajua kuwa napika katika jiko la uwanja wa ndege wa Seeb, chakula cha abiria. Mwezi wa Rajabu ndege moja iliharibika, haikuruka. Wali tuliokwisha kuupika ukamwagwa wote pipani. Nikahadithia nyumbani tukiwa tunakula, kama mtu anavyohadithia ya kazini. Mama akaweka kijiko chini.

"Wali mzima?" akaniuliza.

"Mzima, Mama. Ndivyo walivyotuamrisha."

Hakumaliza sahani yake. Tangu siku ile akaanza kumwita Masouda, mdogo wetu aliyetutoka kwa njaa huko Unguja mwaka ule wa foleni za mchele. Kila akipakua humwita aje kula, kisha husubiri, macho mlangoni. Nami nikawa nasubiri naye. Kazini nikifunua pipa nasikia mtoto analia, kile kilio chake cha siku za mwisho, chembamba. Nikifunika, kimya.

Nikamwendea Marhoon, mkuu wetu wa jiko, naye mzaliwa wa Tanga. Nikamwomba chakula ambacho hakijatoka jikoni kigaiwe.

"Nasriya, mtu mmoja akiumwa tumbo, mimi na wewe tunafukuzwa."

"Basi ntakula mimi mwanzo, mbele ya hao watakaogaiwa."

Zikapita siku nyingi, mwisho akakubali. Sasa wali uliobaki, ukiwa umehifadhiwa kwenye baridi, unapelekwa siku hiyo hiyo kwa vibarua wanaojenga huku kwetu Darsait. Maganda na makombo yanakwenda shamba la shemeji yake Marhoon, kule Barka, yaoze yawe mbolea ya mitende.

Siku ya kwanza Mama alinifuata. Akaketi mkekani na wale vibarua, wengi wao Wahindi wasiojua neno la Kiswahili, akawapakulia kwa mkono wake. Akamwambia kila mmoja wao, "Kula, mwanangu." Kisha akala nao. Tuliporudi nyumbani alisema tu, "Kashiba," akaenda kujinyoosha.

Tangu hapo hamwiti tena Masouda.

Mimi ndiye niliyebaki naye, dada. Chakula kilichopanda ndege kikarudi, hata mkate ambao haukufunguliwa, sheria hairuhusu kumpa mtu wala mnyama. Huchomwa nyuma ya jiko. Moto ukiwashwa namsikia Masouda akiniuliza kama chakula kimeiva. Namjibu bado.

Mama nimemficha, nawe usimwambie ukipiga simu. Ila ukipita makaburini, msomee Masouda Fatiha, kisha ukae naye kidogo. Mimi niko mbali.

Nisalimie Bi Wadha, na Saeed na watoto wake. Mola akuweke katika stara yake, na nyumba yako isikose cha kupakua.

Mdogo wako akupendaye,
Nasriya