Mjomba, Wakili Sitakuwa Mimi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti sasa linakuacha ulale. Mkaza mjomba naye hajambo? Sisi huku hatujambo. Dada yako, yaani mama, alishikwa na mafua wiki iliyopita, lakini amepona na sauti yake imerudi, tena yote. Bibi anasema nikuulize kama siku hizi unakula, au unashiba maneno ya mahakamani.

Nina jambo zito, na kwa simu ningeishia kusema "ndiyo, Mjomba" mpaka salio liishe, ndiyo maana naandika. Sitaki kuwa wakili. Najua umeniwekea meza ofisini kwako tangu niko shule ya msingi, na vitabu ulivyonitumia nimevisoma vyote, vingine mara mbili. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Zamani shuleni kwetu ushauri wa kazi ulikuwa wa asubuhi moja. Kidato kizima kilijazwa ukumbini, mwalimu akashika kipaza sauti: wanaojua hesabu, uhandisi, wanaojua lugha, sheria, waliobaki, "mtajitafuta." Mwaka huu amekuja mwalimu mpya wa ushauri. Amepewa iliyokuwa stoo ya mipira, akaweka viti viwili, na anatuita mmoja mmoja. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu anataka uhasibu. Mwalimu alikwenda kwanza mwenyewe kwenye ofisi moja ya wahasibu kutazama milango na choo, ndipo akampeleka. Kijana tunayemwita Spana, ambaye kusoma kunamtesa, alielezwa kila kitu cha ufundi kwa mdomo, na baba yake akaitwa asikie. Hakuna aliyepewa ushauri wa mwenzake.

Mimi nilipoingia nilisema, "Sheria, mwalimu," kwa kuwa hilo ndilo jibu la nyumbani. Hakubisha. Alinipeleka mahakamani nikakae siku nzima.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Shahidi mmoja, mzee mwenye koti la kijivu, alipewa karatasi aseme kama sahihi ni yake. Aliisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, akairudisha karibu na pua, akaikodolea macho, kisha akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Mjomba, yule mzee hakuona hata neno moja! Wakili akaendelea, kesi ikaendelea, na mimi sikusikia tena kitu. Nilikuwa namtazama anavyokunja na kukunjua vidole.

Kesho yake mwalimu aliniuliza, "Haya, mawakili walisema nini?" Nikakiri kwamba sikuwasikia. "Basi ulikuwa unatazama nini?" Nikamweleza habari za mzee, nikaeleza mpaka kengele ikalia, na unanijua nisivyo msemaji. Hakucheka. Baadaye akanitafutia nafasi kwa siku chache kwenye kliniki ya macho.

Chumba cha kupimia kina giza kidogo. Chati ya herufi inawaka ukutani, na lenzi zimelala kwenye sanduku lake kama vijiko kwenye droo. Mtaalamu wa macho, mama mmoja mwenye mikono mitulivu, alikuwa anabadilisha lenzi, kazi yangu mimi kuuliza: "Hii, au hii?" Wa kwanza kuketi mbele yangu alikuwa fundi cherehani aliyekuwa ameshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikamuuliza. Akageuka: "Mwanangu, paza sauti. Nimekuja kwa ajili ya macho, usinipime na masikio!" Tukacheka wote watatu, nikauliza tena, na safari hii sauti ikatoka. Lenzi ilipomkaa sawa alivitazama viganja vyake, akasema, "Kumbe nina kovu hapa."

Mjomba, kumbe siogopi watu, naogopa umati. Mtu mmoja aliyekaa mbele yangu, na swali ninalolijua, hilo naliweza kutwa nzima.

Mwalimu hakunidanganya kwa maneno matamu. Alisema fizikia yangu imelala, na bila fizikia masomo ya macho siyapati. Akazungumza na mwalimu wa fizikia, sasa nakaa naye kila Jumanne baada ya vipindi. Kwenye jaribio la juzi nimepanda. Si sana, lakini hesabu nilizopata nilizielewa.

Nilipotoa habari hii mezani, shemeji yako, yaani baba, aliweka kijiko chini. "Sawa. Na mjomba wako ataambiwa na nani?" Mama akawa anatafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Nikasema, "Mimi." Bibi akapiga makofi: "Haya, leo kimya kimepata mdomo!" Baba amesema ukikubali, naye hana neno. Ukikataa, nichague masomo ya sheria, na tunachagua mwisho wa mwezi huu.

Siidharau kazi yako. Ni kwa sababu naiheshimu ndiyo maana sitaki ipate mtu wa kunong'ona.

Tena nimekupatia mtu. Darasani yuko msichana tunayemwita Kasuku. Juzi darasa zima liliadhibiwa kwa kosa la mmoja, akabishana na mwalimu wa zamu, kwa heshima lakini bila kupumua, mpaka adhabu ikafutwa. Kwao hakuna anayemjua wakili hata mmoja. Nimemwazima vitabu vyako, na ameanza kupingana na kile cha kwanza. Likizo hii, Mjomba, mkalishe kwenye ile meza. Ukimsikiliza kwa nusu saa tu hutanidai mimi tena.

Msalimie sana mkaza mjomba, na binamu zangu wote wawili, hasa mdogo, mwambie meno ya mbele yataota tu. Bibi, baba na mama wanakusalimu. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na goti lako pia.

Nangoja jibu lako, na nimejiandaa kulijibu.

Mpwa wako akupendaye daima.