Sahani ya Masanja

Jumapili, tarehe 2 Novemba.

Manyunyu tangu alfajiri, halafu saa nne jua likatoka kama vile halikuhusika na lolote. Nimetoka misa ya Marehemu Wote kanga ikiwa imelowa mabegani, nikapita njia ya nyuma. Huku Igogo, mtaani kwetu Mwanza, ukipita njia kubwa utasalimia watu ishirini kabla hujafika kwako, na leo sina salamu hata tano.

Niseme ukweli mapema, maana hapa ndipo ninapousema bila kukatizwa. Leo nimemwandalia mume wangu chakula. Mume wangu Masanja, aliyezikwa Sengerema kwa wazazi wake, huu ni mwaka wa pili.

Sijachanganyikiwa. Naeleza.

Kazi yangu ni steshenari, pale Mkuyuni. Natoa kopi, nachapa barua, lakini kazi kubwa ni picha za marehemu. Mtu analetwa kwenye simu akiwa amekaa harusini na soda mkononi. Mimi namtoa harusini, naifuta soda, namwekea ukuta wa bluu, namkuza, anaingia kwenye fremu ya kutangulia jeneza. Nimekuza nyuso nyingi mpaka nikadhani nimezoea.

Wiki mbili zilizopita alikuja Sista Lupita, mtawa kutoka Meksiko anayefundisha ushonaji parokiani kwetu. Alishika picha ya mama yake, ya zamani, imekunjika kona. Nikampa pole, nikauliza msiba ni wa lini. Akatabasamu, akasema mama amefariki miaka mingi, ila mwezi wa kumi na moja anakuja, na lazima akute picha yake.

Yeye ni Mzapoteki, wenyeji wa asili wa milima ya kusini mwa nchi yao. Kihispania walikutana nacho shuleni, kama bibi yangu alivyokutana na Kiswahili. Akanieleza kwamba kwao wafu hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Watoto hutangulia siku moja, watu wazima hufuata tarehe mbili. Wazee wao walikuwa na mambo hayo kabla mapadre hawajafika, na mapadre walipofika waliyakuta yana nguvu, ikabidi waishi nayo.

Meza huwekwa ndani ya nyumba. Picha, mshumaa, chumvi kidogo, ubani, na glasi ya maji kwa sababu anayetoka mbali ana kiu. Maua ya rangi ya chungwa hunyambuliwa na kumwagwa kuanzia nje mpaka mezani, ili mgeni asipotee akaingia kwa jirani. Na chakula. Siyo chakula chochote, bali kile alichokipenda mwenyewe alipokuwa hai. Marehemu hula harufu yake, kisha walio hai hula kilichobaki, na wanasema kinakuwa kimepungua ladha.

Nilimsikiliza huku mashine ikimtoa mama yake polepole, kuanzia kitambaa cha kichwa. Nikaona wivu. Mwenzangu ana mtu wa kumsubiri.

Akaniuliza mume wangu alipenda kula nini. Nikajibu bila kufikiri kwamba alipenda ndizi.

Sisi Wahaya tunajulikana kwa kujisikia, na mimi sitakanusha. Kwa miaka kumi na moja nilimpikia Masanja ndizi na maharage, nikafunika sufuria kwa majani ya mgomba kama mama alivyonifundisha, mikungu ikija kwa meli kutoka Bukoba. Alikuwa anamaliza sahani. Shoga zangu walikuwa wakilalamika waume zao wanakula kwa mama ntilie, mimi nikikaa pembeni nimenyoosha shingo.

Lakini jioni ile, nikipandisha kilima kwenda nyumbani, nilijaribu kukumbuka siku moja tu ambayo Masanja aliomba ndizi. Sikuipata. Nilijaribu siku aliyoomba aongezewe, nayo sikuipata. Nilichokumbuka ni glasi kubwa ya maji aliyokuwa akiinywa baada ya kula, yote, kwa mara moja.

Mtu pekee wa kumuuliza alikuwa dada yake, Kabula. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Siku ya kuanua matanga, Kabula alisema mbele ya wanawake wote jikoni kwamba kaka yake alikaa miaka kumi na moja haulizwi anataka kula nini. Nilibeba mkoba wangu nikarudi Mwanza siku hiyo hiyo bila kuaga. Namba yake sikuifuta. Niliibadilisha jina tu, nikaandika "Usipokee."

Nilizunguka na simu siku kumi na kitu. Nilijiambia haya ni mambo ya Wameksiko, mimi yananihusu nini. Nilijiambia nitaweka ndizi, atazila, mbona alizila. Lakini mgeni anakuja mara moja kwa mwaka, na mimi nimwekee kitu ambacho pengine alikuwa anakimeza tu? Ijumaa jioni nikampigia "Usipokee."

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Unaumwa?"

Yaani mimi nikipiga simu ni lazima niwe naumwa. Nikamwambia siumwi, nikamuuliza. Alijibu kabla sijamaliza swali.

"Michembe. Michembe na karanga. Kwani ulikuwa hujui?"

Kwa msomaji wa mbali: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikakauka, chakula cha Wasukuma tangu zamani. Kabula akasema Masanja akivuka ziwa kwenda kwao Sengerema alikuwa anaanza kuila kabla hajavua viatu. Nikamuuliza kwa nini Masanja hakuniambia.

"Alisema ukiwa unamenya ndizi ndipo unapocheka. Siku nyingine zote ulikuwa unalilia kwenu. Akasema hapo yeye hapagusi."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Na hapo ndipo kilirudi kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wetu wa kwanza Masanja alirudi kutoka Sengerema na mfuko wa michembe. Aliuweka mezani anatabasamu. Mimi nikachungulia, nikacheka, nikasema kwetu vitu vikavu namna hii tunawashia moto. Akacheka na yeye. Ule mfuko sikuuona tena, wala sikuuliza umekwenda wapi.

Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Kwa utani, halafu nikasahau.

Nilimuuliza Kabula inapikwaje. Akauliza nani anakula. Nikamwambia ukweli wote, meza, maua, na Sista, nikasubiri aniambie nimeanza ushirikina. Nikasikia kuku wake wakipiga kelele huko nyuma. Kisha akasema niloweke kwanza, na karanga nisizitwange sana, maana kaka yake hapendi zikiwa uji. Alisema "hapendi." Hakusema "alikuwa hapendi."

Jana nimenunua. Mama anayeuza michembe amekaa hatua kama thelathini kutoka dukani kwangu. Nimempita kila siku ya kazi.

Leo baada ya misa nimeweka meza. Kuhusu picha, nimekuza watu wa mji mzima lakini Masanja sikuwahi kumkuza kwa mkono wangu; ile ya mazishi walitengeneza ndugu zake. Nimechagua moja yupo na soda, na soda nimemwachia. Maua alinipa Sista kutoka bustani ya masista. Kutoka mlangoni mpaka mezani ni hatua nne tu, nyumba yenyewe ni chumba na sebule, ila nimeyamwaga vizuri. Jirani akachungulia akauliza kama kuna harusi. Nikasema nina mgeni. Akaondoka anatabasamu, na najua kesho mtaa mzima utakuwa umeshaniozesha.

Saa kumi nikaketi. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Nikisema nilisikia nitakuwa naongopa. Mshumaa uliwaka, mvuke wa karanga ukapanda ukaisha, chakula kikapoa. Nimewahi kuwa mpweke siku nyingi tangu aondoke, lakini nilikuwa mpweke wa mtu niliyemjua. Leo nimekaa mbele ya picha ya mtu aliyekuwa anabeba njaa yake kimya kimya, pembeni yangu, na nimemkosa upya, kama vile kafa wiki hii.

Nimemkasirikia pia. Ndiyo, marehemu. Masanja, ungesema. Mara moja tu ungesema, ningenuna siku mbili kisha ningepika. Umenipenda kwa namna ambayo imeniacha sikujui.

Halafu nikavuta sahani nikala, kama desturi yao inavyotaka.

Sijaipenda. Ina utamu wa ajabu, inakwama kooni, inadai maji. Kama imepungua ladha sijui, maana sikuwahi kuijua ladha yake. Katikati nilitaka kuacha, na hakuna aliyekuwa ananiangalia. Yeye alikuwa anaangaliwa kila siku. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake nikimhesabia matonge, nikijiona mke hodari. Basi nikalia, nikaendelea kula, mpaka sahani ikaisha.

Nikampigia Kabula kumwambia. Akauliza ilikuwaje. Nikamjibu ilikuwa tamu sana. Akafurahi, nilisikia kabisa, akasema Jumamosi nivuke, atanipikia sufuria nzima tukae tule na wenzake. Nimekubali. Nitakula, na nikiulizwa nitajibu vile vile nilivyojibu leo. Jina lake kwenye simu nimelirudisha.

Sasa maua yameanza kunyauka sakafuni na sijayafagia. Nimekaa naandika, na kuna swali limekuja ambalo sikulitafuta. Siku nitakapokuwa mimi kwenye fremu, ni chakula gani kitawekwa mezani kwangu, na nani atajua?

Aliyekuwa anajua ni mtu mmoja tu, na yeye sikuwahi kumuuliza anataka kula nini.