Mama Mkwe Analaumu Manukato Yake

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na kama utacheka, ucheke ukishanijibu. Mimi ni kinyozi, na wiki tatu zilizopita mama mkwe alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza, nikataka choo king'ae ajue binti yake hakuolewa na mtu wa ovyo, nikamwaga asidi ya choo, nikaona haitoshi, nikaongeza ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana kazini kwangu rangi ya nywele haishiki mpaka uichanganye na dawa yake, nikajua na hizi zikikutana zitapata nguvu, na kweli zilipata. Ilitoka harufu ya kukaba koo, nikakimbilia sebuleni machozi yananitoka, ikanifuata hadi alipokaa mama, tukakohoa wote wawili mpaka mke wangu akatutoa nje, na kabla sijapata pumzi ya kusema, mama akanishika mkono: "Nisamehe, mwanangu. Ni haya manukato yangu mapya, nimejimwagia kupita kiasi." Mshauri, nikamjibu, "Usijali, mama, yamekwisha." Tangu siku hiyo kila akipiga simu anaomba radhi upya na mimi nasamehe upya. Sasa Jumamosi anarudi, na amemwambia mke wangu kwamba safari hii choo atakiosha yeye, awe amenifidia, na dawa zote mbili ziko palepale nyuma ya mlango wa choo, tena asidi nimeihamishia kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu kopo lake lilipasuka. Nikisema ukweli nitaonekana mwongo na mjinga kwa pamoja. Nifanye nini?
Kinyozi Mwenye Siri

Kinyozi, pole kwa kukohoa. Pole yangu inaishia hapo. Unahangaika na jinsi utakavyoonekana, na huku umemwekea mama wa watu asidi kwenye chupa ya maji.

Rangi ya nywele unaichanganya kwa sababu aliyeitengeneza amekuandikia uichanganye. Hizi zako mbili zimeandikwa usizichanganye, ila wewe ulikuwa na haraka ya kusifiwa. Zikikutana hutoa hewa ya sumu, na Jumamosi mama akizichanganya bila kujua atakuwa amejifungia nayo peke yake.

Vaa glavu, uitoe hiyo chupa sasa hivi. Iandike SUMU kwa herufi kubwa, uifungie mbali na ile dawa ya nguo, na mbali na jikoni. Usiimwage kwenye mtaro wala kuitupa na taka za kawaida. Waulize wahusika wa taka mtaani kwenu wanapokea wapi vitu vya namna hiyo. Na harufu ile ikitokea tena, toka nje, usibane pua uendelee kusugua.

Kisha mpigie mama leo, wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Mwambie manukato yake hayana kosa. Kama bado anakohoa, mpeleke hospitali ukamweleze daktari ulichochanganya. Na akikuuliza kwa nini umenyamaza wiki tatu, mwambie ulimwogopa yeye kuliko ile sumu. Sijaona mama mkwe aliyekasirikia hilo.